Sanduku la Bati

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ametuomba tuandike habari za kazi tunazozifanya wenyewe baada ya masomo, kwa mikono yetu na akili zetu, na habari za vitu tulivyovigundua ambavyo tungependa wenzetu nao wavijue, vikiwa ni vitabu, au nyimbo, au sinema. Nadhani wengi wataandika juu ya mpira, maana tangu muhula huu uanze hakuna jambo jingine linalozungumzwa bwenini baada ya taa kuzimwa. Mimi sina mguu wa mpira. Nina daftari moja la kurasa 96, na habari za daftari hilo ndizo nitakazowaeleza.

Kwetu ni Pajulu. Wazee wetu waliosoma hapa zamani wataikumbuka kama gombolola iliyo nje ya mji. Lakini tangu tarehe 1 Julai 2020 Arua imekuwa jiji, na Pajulu imo ndani yake, ingawa mbuzi wetu bado hawajapata habari hiyo. Nyumbani tunasema Kilugbara. Kiswahili nilikuwa nikikisikia mjini tu, sokoni na katika kituo cha mabasi, na kwa wafanyabiashara watokao Kongo upande wa Ariwara. Nilipoingia kidato cha kwanza nikakikuta darasani, kwa kuwa mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 umekifanya kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Wengi wetu tulinung'unika. Mmoja akasimama akauliza kwa nini tusomeshwe lugha ya askari.

Mwalimu wetu hakukasirika. Alisema ni kweli kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya King's African Rifles, na watu wengi wa West Nile walikuwa katika jeshi hilo. Ni kweli kwamba mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na watu hawakuisahau siku hiyo. Na ni kweli pia kwamba mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Kisha akaenda kabatini, akatoa kitabu chembamba kisichokuwa na jalada, akasema, "Someni hiki kwa zamu, halafu mniambie kama ni cha askari." Zamu yangu ilikuwa ya nne. Nilikisoma usiku mmoja kwa tochi chini ya blanketi, na kesho yake nikalala katika kipindi cha hesabu.

Kitabu hicho ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Mwandishi huyu alikuwa Mzanzibari, mzaliwa wa Makunduchi, aliyezaliwa mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya kwa miaka mingi kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Hadithi yake ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Ndani yake yumo Bwana Msa, ambaye hugundua siri za mauaji kwa kufikiri, akivuta kiko chake, na rafiki yake Najum, ambaye huuliza yale yote ambayo msomaji naye angetaka kuyauliza. Waliosoma Kiingereza watasema huyu ni Sherlock Holmes na yule ni Dakta Watson, ambao Arthur Conan Doyle alianza kuwaandika mwaka 1887. Naam, ni kweli, wala haifichiki. Lakini Holmes hukaa katika ukungu wa London, na mimi ukungu wa London siujui. Bwana Msa hukaa kwenye kivuli, hunywa kahawa, husalimiana na watu kwa kirefu, hufanya mzaha, na kumbe katika salamu zile amekwisha kupata nusu ya jambo analolitafuta.

Hilo ndilo lililonistaajabisha. Nilidhani hadithi ya upelelezi lazima iwe na mbio na bunduki. Humu watu huzungumza tu, na kila kilicho muhimu kimewekwa wazi mbele ya macho yako, ila wewe hukukitazama. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo kuona kama mwandishi amenidanganya. Hakunidanganya hata mara moja. Baadaye nilipata kusoma na Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968, na Siri ya Sifuri, cha mwaka 1974. Mwenzangu wa kitanda cha jirani anasema Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, kilichotoka mwaka 1965, kinapita vyote hivyo. Tumebishana sana juu ya jambo hili na hatujapatana, nami namwachia Katalambulla wake.

Basi nikasema moyoni, kwa nini pasiwe na mtu kama huyu Pajulu?

Nikaanza kuandika. Mgunduzi wangu nilimwita Bwana Ayiko. Wasiojua Kilugbara wajue kwamba jina hilo maana yake ni furaha. Kwetu majina mengi ni ya huzuni. Mtoto huitwa kwa msiba uliowapata wazazi wake, au kwa umaskini, au kwa maneno ya jirani mwenye ulimi mbaya, hata ukisoma orodha ya darasa letu kwa maana zake unaweza kutokwa na machozi. Kwa hiyo nilitaka mtu mmoja katika hadithi yangu awe na jina la kucheka. Bwana Ayiko ni mzee aliyekuwa karani wa kupima tumbaku, naye hajui kusahau uzito wa kitu alichokishika. Kiko sikumpa, maana kiko ni cha Bwana Msa. Nilimpa baiskeli isiyo na breki, ambayo huisimamisha kwa kandambili.

Picha amezichora rafiki yangu wa bweni letu, ambaye amenikataza kumtaja jina. Yeye si msomaji wa vitabu. Mwalimu wake ni filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, ambayo sisi sote tumekwisha kuiona zaidi ya mara moja katika simu ya kaka yake. Kama kuna mwanafunzi hapa ambaye hajaiona, na aitafute. Imetengenezwa Wakaliga, mtaa wa Kampala, na Bwana Isaac Nabwana, ikatoka mwaka 2010. Bwana Nabwana alikuwa mfyatuaji wa matofali. Bunduki za filamu hiyo ni za mbao na vyuma chakavu, helikopta zake zimetoka katika kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya zamani, na wachezaji ni majirani zake. Juu ya filamu utasikia sauti ya VJ Emmie akitia maneno yake, akiwasifu na kuwacheka wachezaji, hata hujui ucheke filamu au umcheke yeye. Tena jina la filamu lauliza ni nani aliyemwua Kapteni Alex, na filamu inakwisha bila ya kujibu. Rafiki yangu huona hilo ndilo jambo zuri kuliko yote. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa Bwana Msa, nililiona kuwa ni deni lisilolipwa. Nakumbusheni jambo hili kwa sababu litarudi mbele.

Sasa nifike kwenye hadithi yenyewe. Kwetu karibu kila ukoo una habari ya kitu kilichofukiwa ardhini. Mwezi wa Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua, na askari wa serikali mpya wakaja kulipiza kisasi kwa raia. Watu kwa maelfu wakakimbilia Sudan, na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Waliobaki nao hawakusalimika. Tarehe 24 Juni 1981 watu wengi waliuawa katika misheni ya Ombaci, mahali walipokuwa wamekimbilia wapate amani. Aliyekimbia hakuweza kubeba kila kitu, basi alichimba shimo. Hadithi yangu inaanza hapo. Mtu amefukia sanduku la bati shambani, anarudi baada ya miaka, sanduku halipo. Bwana Ayiko anaitwa.

Rafiki yangu alitaka wezi wawe askari. Alikwisha kuwachora kabisa, watatu, na kofia zao. Mimi sikuridhika. Msomaji wa Pajulu angelijua jibu kabla ya kufunua ukurasa wa pili, na Bwana Ayiko angekaa bure na baiskeli yake. Kurasa 40 zilikuwa zimejaa, na mwisho sikuwa nao. Likizo ya Desemba ikafika, nikaenda na daftari nyumbani kwa bibi yangu.

Bibi yangu alikuwa kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni alipokimbilia Zaire. Mtoto huyo ndiye baba yangu. Kiswahili anakijua, lakini hakipendi. Nilipokuwa nikisoma kwa sauti kazi za shule, yeye alikuwa akichukua kiti chake akienda kukaa jikoni. Safari hii nilimwuliza sababu. Akaniambia kwamba yeye ana Viswahili viwili. Cha kwanza alikisikia katika kizuizi cha barabarani, nacho kilikuwa na maneno machache tu: simama, toa kitambulisho, lala chini. Cha pili alikisikia Aru, ng'ambo ya mpaka, siku ya tatu ya safari, kwa mwanamke asiyemfahamu, aliyemwambia, "Karibu, mama, ikala, batoto balale hapa." Huko alikaa zaidi ya miaka mitatu, akauza mandazi Ariwara, na mpaka leo husema batu na bintu pale sisi tunaposema watu na vitu. Mwalimu wetu angemsahihisha. Mimi sikuthubutu.

Nikamwambia kuwa ninaandika hadithi ya sanduku lililofukiwa. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Ulifukia nini ndani yake?"

Nilikuwa nimefukia fedha, kama wafanyavyo waandishi wote. Akacheka. Akasema hakuna aliyefukia fedha, kwa sababu wakati ule fedha ndizo zilizokuwa rahisi kubeba. Halafu akanieleza sanduku lao wenyewe lilikuwa na nini, jambo ambalo baba yangu naye alikuwa hajapata kulisikia lote. Babu yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa fundi cherehani mjini. Ndani ya sanduku walitia kichwa cha cherehani, kimepakwa mafuta na kuviringishwa kwa turubai, sufuria mbili, cheti cha ndoa na cha ubatizo, na santuri tano za gramafoni zilizofungwa katika blanketi. Gramafoni yenyewe ilikuwa imekwisha kuuzwa. "Sasa santuri za nini?" nikauliza. Akasema hata yeye alimwuliza babu vivyo hivyo usiku ule, huku bunduki zinalia upande wa mji, na babu akajibu kuwa gramafoni nyingine inaweza kununuliwa.

Shimo walilichimba shambani nyuma ya nyumba, usiku, wakachukua udongo uliozidi wakautupa mbali katika majani. Lakini udongo mbichi huonekana. Basi bibi akakata mashina ya muhogo akapanda juu yake, mistari mitatu, sawa na mistari ya shamba lililobaki, akamwaga majivu na takataka za jikoni. Kabla ya alfajiri walikuwa njiani.

Walirudi mwaka 1984. Nyumba ilikuwa imeungua, na mwembe ulikuwa umesimama. Bibi akaenda nyuma ya nyumba, akaona muhogo umestawi vizuri pale juu ya sanduku, akafurahi. Kisha akasimama akautazama tena. Nitayaandika maneno yake kama nilivyoyafasiri kutoka Kilugbara, maana ndiyo yaliyonipa kitabu changu. Alisema, "Muhogo wangu ulikuwa na vikonyo vyekundu. Ule ulikuwa na vikonyo vya kijani."

Wanafunzi wenzangu wa mjini, ambao muhogo mnauona sahanini tu, vumilieni kidogo nieleze. Muhogo una aina nyingi, na mkulima huzitambua kwa rangi ya shina, kwa rangi ya kikonyo cha jani, na kwa umbo la jani lenyewe, kama vile ninyi mnavyozitambua jezi za timu za Uingereza. Haugeuki rangi kwa kukaa. Tena muhogo ulioachwa shambani zaidi ya miaka mitatu huwa na shina nene na mizizi migumu kama kuni. Na ule ulikuwa mwororo, haujatimiza hata mwaka. Kwa hiyo bibi alijua mambo mawili akiwa amesimama tu, kabla ya kushika jembe. Kwanza, kwamba mtu alikuwa amechimba pale. Pili, kwamba alichimba mwaka ule ule, baada ya watu wachache kuanza kurudi, na akafukia tena, na akapanda muhogo mwingine, mistari mitatu. Askari hafanyi hivyo. Askari huacha shimo wazi akaenda zake. Aliyepanda ni mtu mwenye shamba, mwenye mbegu ya muhogo wa vikonyo vya kijani, na aliyeona vibaya kuacha ardhi ya mwenzake imekaa bure.

Wasomaji, nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, nikahisi nywele zinanisimama. Bwana Msa angetoa kiko kinywani.

Nikamwuliza kama alimjua mtu huyo. Akasema, "Mbegu ile ilikuwa ya nyumba moja tu." Nikamwuliza ni nani. Hapo akaniuliza yeye, kitabu changu kitasomwa na nani. Nikasema na wanafunzi, na huenda na wazee waliosoma shuleni kwetu. Akasema, "Basi na mjukuu wake atakisoma."

Hakusema zaidi. Sijui kama alikuwa na maana kwamba mjukuu huyo yuko katika shule yetu, au alisema tu kama wasemavyo wazee. Lakini niliporudi muhula huu nilitazama mstari wa chakula, vijana wa Pajulu na Vurra na Dadamu wameshika sahani zao, nikajikuta ninawahesabu.

Juu ya santuri nataka kusema kidogo, kwa kuwa ni katika vitu nilivyovigundua. Bibi hakumbuki zote tano. Anakumbuka moja ya Indépendance Cha Cha, ambayo Joseph Kabasele na African Jazz waliipiga Brussels mwaka 1960 wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo, na nyingine ya mtu wa gitaa peke yake, ambaye jina lake hakulijua; babu alimwita Mwenda tu. Nilimtafuta katika simu, nikampata. Ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji uitwao Likasi sasa, mwaka 1952, akatia sauti yake katika santuri, na mmojawapo wa nyimbo hizo unaitwa Masanga. Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Sijui kueleza muziki. Nitasema tu kwamba ni gitaa moja na mtu mmoja, lakini ukifumba macho utaapa kuwa wako wawili, na kidole gumba chake kina safari yake, na kidole cha shahada kina safari nyingine, wala hawagongani njiani. Tangu nilipousikia, nyimbo nyingi tunazopigiwa katika dansi ya shule naziona zina watu wengi mno.

Nilimwekea bibi simu juu ya kinu akasikiliza. Ulipofika mahali fulani alitikisa kichwa, akapiga ulimi mara mbili, akangoja. Gitaa likaendelea. Akasema, "Hapa palikuwa na mkwaruzo. Yetu ilikuwa ikirukaruka hapa, babu yako aisukume." Tukaucheza tena, naye akapiga ulimi pale pale. Santuri za wakati ule zilikuwa ngumu na zenye kuvunjika kama sahani. Sidhani kama aliyelichimba sanduku alifika nazo popote.

Nilirudi kwenye daftari nikaandika kurasa zilizobaki kwa siku tisa. Vitu vya sanduku nilivibadilisha, na mahali, na idadi ya watoto, hata bibi mwenyewe aliposomewa alisema hakuna mtu wa kijijini atakayekasirika ila mwenye baiskeli mbovu. Muhogo sikuubadilisha. Bwana Ayiko anaona vikonyo vya kijani, anashika shina moja kwa mkono kama alivyokuwa akishika tumbaku, anasema umri wake ni miezi minane. Halafu anazunguka kijiji kizima kwa baiskeli, akisalimu watu na kutazama mashamba, mpaka anafika kwenye nyumba moja. Anakaribishwa, anapewa maji ya kunywa. Katika pembe ya chumba kuna cherehani, na juu yake gauni la mtoto limeshonwa nusu. Wanazungumza habari za mvua. Bwana Ayiko anarudi nyumbani. Njiani msaidizi wake anamwuliza kwa nini hakusema neno, naye anajibu kwa maneno ambayo bibi alinijibu mimi nilipomwuliza kwa nini katika miaka arobaini hakuwahi kwenda kudai. Bibi alisema, "Tulirudi hatuna chakula. Muhogo ule ndio tuliokula mpaka mavuno."

Hapo ndipo hadithi inapoishia, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Nilitoa nakala tatu kwa mkono, zikapita bwenini, na kila aliyemaliza alikuja kitandani kwangu na malalamiko. Mmoja alidai polisi waitwe. Mwingine alisema Bwana Ayiko amehongwa maji ya kunywa. Mwenzangu wa Katalambulla alisema kwa utulivu kuwa sasa naona faida ya kuwa na inspekta. Rafiki yangu mchoraji ndiye aliyenitetea, akawaambia kuwa mpaka leo hakuna ajuaye ni nani aliyemwua Kapteni Alex, na filamu imezunguka dunia. Sikulipenda sana tetesi lake, maana katika kitabu changu mwizi anajulikana kabisa; msomaji aliyesoma vizuri anaweza kumwonyesha kidole katika ukurasa wa 22, pale anapopita na mzigo wa mashina ya muhogo begani. Ila jina lake halisemwi kwa sauti. Nadhani hayo ni mambo mawili mbalimbali, lakini ubishi wa bwenini hauna nafasi ya tofauti ndogo kama hiyo.

Mwalimu wa Kiswahili aliisoma nakala ya kwanza akanipigia mstari mwekundu mahali pengi. Chini ya maneno ya yule mwanamke wa Kongo hakupiga mstari wowote. Aliandika pembeni, "Yaache."

Jambo la mwisho ni hili. Nakala ya tatu ilirudi wiki mbili zilizopita. Ilikuwa imepitia mikono mingi, na aliyeileta hakuwa yule niliyempa. Nilipoifungua nikaona kwamba katika ukurasa wa 71, pale Bwana Ayiko anapotazama vile vikonyo vya kijani, mtu ameandika neno moja kwa penseli, kwa herufi ndogo nzuri. Ni jina la Kilugbara la aina ya muhogo. Mimi sikuliandika popote, kwa sababu bibi hakunitajia. Sijamwuliza mtu yeyote. Likizo ijayo huenda nitamwonyesha bibi ukurasa huo, au huenda nisimwonyeshe. Bado sijakata shauri.

Kwa sasa nimeanza hadithi ya pili ya Bwana Ayiko, inayohusu basi la usiku liendalo Kampala na kuku aliyefika bila ya mwenyewe. Anayetaka kuisoma ya kwanza aje kitandani kwangu baada ya saa kumi jioni. Mikono iwe safi, maana picha ni za penseli.